Straipa wa ufukweni Massachusetts: kipimo ni kipi sasa, na ndoano ipi inaruhusiwa?

Mshipi_Kigungu (Entebbe)

Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa sita naelekea Waltham, karibu na Boston, nitakaa kwa ndugu mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Hapa navua mputa (sangara) na ngege (sato) nikiwa nchi kavu, sina mtumbwi, na huko nataka iwe hivyo hivyo, ila baharini. Samaki ninayemtaka ni straipa (striped bass), yule wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi ubavuni.

Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mmoja anasema inchi 28 kwenda juu, mwingine 28 hadi 35, wa tatu 28 hadi 31. Naombeni anayejua vizuri aniambie: kipimo cha sasa ni kipi na samaki anapimwaje? Anayevua ufukweni bila boti anahitaji kibali? Nina ndoano za J namba 8/0 na pakiti ya ndoano za duara nilizonunua Kampala, nibebe zipi? Kulabu ya kumvutia samaki nje ya maji inaruhusiwa?

---

Rula_na_Chubwi (Jinja)

Ndugu, wote watatu wamekwambia kweli, ila kila mmoja amebaki kwenye mwaka wake.

Hadi 2019 Massachusetts ilikuwa inchi 28 kwenda juu, samaki mmoja kwa siku. Mwaka 2020 likawekwa dari: 28 hadi chini ya 35. Mwezi wa tano 2023 dari likashushwa ghafla hadi chini ya 31, na msimu ulikuwa umeshaanza. Mwaka 2024 hatua hiyo ya dharura ikaingizwa kwenye mpango wa kudumu. Kwa hiyo shika hili: inchi 28 hadi chini ya 31, samaki mmoja kwa mtu kwa siku. Aliyefika 28 kamili unaweza kumchukua. Aliyefika 31 kamili anarudi majini. Kwa sentimita ni kuanzia 71.1 hadi kabla ya 78.7. Dirisha ni la inchi tatu tu, kwa hiyo karibu kila samaki utakayemshika utamrudisha. Jiandae zaidi kwa kuachia kuliko kwa kubeba.

Kwa nini walibana hivyo? Straipa husafiri pwani nzima ya mashariki ya Marekani, kwa hiyo majimbo kuanzia Maine hadi North Carolina humsimamia kwa pamoja kupitia Atlantic States Marine Fisheries Commission. Tathmini iliyotoka 2019 ilionyesha kwamba amevuliwa kupita kiasi, na lengo likawekwa kwamba idadi irudi ifikapo 2029. Kizazi kikubwa walichokitegemea ni cha samaki waliozaliwa 2015. Mwaka 2022 samaki wa kizazi hicho waliingia kwenye kipimo cha 28 hadi 35, na wavuvi wa burudani wakachukua karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Kushusha dari hadi 31 kulikusudiwa kuwaweka samaki hao nje ya kipimo, wabaki wakizaa. Wakati huohuo, vifaranga katika ghuba ya Chesapeake, ambako straipa wengi huzaliwa, wamekuwa wachache mwaka baada ya mwaka tangu 2019. Hakuna kizazi kikubwa kinachokuja nyuma yao.

Mantiki unaijua tayari kutokana na mputa wa Ziwa Victoria, kipimo cha sentimita 50 hadi 85. Wa chini hajazaa, wa juu ni jike la mayai mengi.

Sasa kupima, hapa ndipo watu wanapopatia faini. Unapima mstari ulionyooka, si tepu iliyolazwa juu ya tumbo. Tepu ikifuata mviringo wa mwili inaongeza urefu, na kwenye dirisha la inchi tatu nusu inchi ni nyingi. Mlaze samaki kwenye ubao wenye ukingo upande wa sifuri, mdomo umefungwa na umegusa ukingo, kisha bana ncha mbili za mkia zikutane. Pale ncha ndefu inapofika ndiyo namba yako. Samaki anayesoma 30¾ mkia ukiwa wazi anaweza kuvuka 31 ukiubana. Kama yuko kwenye mstari, mwachie tu.

Njia ninayoipendekeza kwa mtu wa ufukweni: funga pete mbili za tepu ya umeme kwenye fimbo yako, moja inchi 28 kutoka kitako, nyingine 31. Unailaza fimbo kando ya samaki akiwa bado majini, kwa sekunde mbili unajua kama kuna haja ya kumtoa. Mara nyingi haitakuwepo.

---

NdoanoDuara (Kampala)

Nijibu la ndoano, maana ndilo litakalokugharimu kabla hata hujamwona samaki.

Tangu 2021, ukivua straipa kwa chambo cha asili lazima utumie ndoano ya duara isiyopinda pembeni. Chambo cha asili maana yake kiumbe chochote cha majini, hai au mfu, mzima au kipande: kibua, kome, mkunga, minyoo ya baharini, vyote. Ndoano zako za J 8/0 usizitie chambo huko kwa ajili ya straipa. Chambo bandia hakiguswi na kanuni hii, hata ukikiongezea kipande cha mnyoo.

Sasa hiyo pakiti ya Kampala. Ndoano nyingi zinazouzwa kama duara zina ncha iliyosukumwa kidogo kando, na hizo hazikubaliki. Pima hivi: ilaze ndoano moja juu ya kioo cha meza au uso wa simu. Ikilala bapa yote, shina na ncha vikigusa kioo pamoja, ni halali. Ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, au ukiona mwanga kati ya ncha na kioo, imepinda. Pima kila moja, usipime moja ukaamini pakiti nzima. Usijaribu kuinyoosha kwa koleo, chuma kikipindwa hivyo huvunjika samaki akivuta.

Angalia pia chuma chenyewe. Chukua ya chuma cha kawaida, usichukue isiyoshika kutu. Ikilazimika kubaki ndani ya samaki, inaliwa na chumvi.

Ufungaji kwa mchanga: mshipi mkuu upitishwe kwenye bomba dogo au pete inayobeba chubwi ya aunsi 3 au 4, halafu kiungo kinachozunguka, halafu sentimita 50 hadi 60 za mshipi mnene wa ratili 30 au 40, mwisho ndoano ya 7/0 au 8/0. Chubwi iteleze huru, samaki akichukua chambo asihisi uzito. Kipande hicho cha mwisho kisizidi hapo. Kikiwa kirefu samaki anapata nafasi ya kumeza kabla mshipi haujakaza, na faida yote ya ndoano ya duara inapotea.

Chambo kitobolewe mara moja tu, sehemu ngumu, ncha na uwazi wa ndoano vibaki wazi kabisa. Mtu aliyezoea kuficha ndoano ndani ya chambo cha mputa atakosa samaki kwa siku nzima na kudhani hawapo. Ndoano hii inashika kwa kuteleza hadi pembe ya mdomo na kugeuka. Chambo kikijaza uwazi, hakuna kitakachoshika.

Halafu mikono yako. Usikwanyue. Samaki akianza kwenda, acha fimbo iiname yenyewe, funga rili, zungusha polepole kwa mvuto wa taratibu mpaka uzito ukae. Ukikwanyua unaing'oa ndoano kabla haijageuka. Lakini usiende pia upande wa pili, wa kuweka fimbo kwenye kishikio, kulegeza rili na kwenda kupiga soga. Ndoano ya duara nayo humezwa ikipewa muda.

Kulabu: hapana. Kwa straipa ni marufuku kutumia kitu chochote kinachoweza kumuua kumtoa majini. Tumia wavu wenye nyuzi zilizopakwa mpira, au mkono.

---

DadaWaGgaba

Naongezea jambo la kisheria juu ya ndoano. Tuseme unavua samaki mwingine kwa ndoano ya J yenye chambo, ambayo kwa samaki huyo ni halali, akaja straipa. Huyo hata akiwa inchi 29 si wako. Unamrudisha mara moja bila kumjeruhi zaidi.

Na vibali. Ndiyo, ufukweni unahitaji. Massachusetts ina kibali cha uvuvi wa burudani baharini tangu 2011, kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi, awe mwenyeji au mgeni, awe botini au kwenye mchanga. Ada iliwekwa dola 10 na wenye miaka 60 kwenda juu hawalipi, ila bei ya mwaka wako uisome mwenyewe kwenye ukurasa wa jimbo siku unayokata. Unakata mtandaoni kupitia MassFishHunt. Kinahesabiwa kwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo cha Januari na cha Agosti vyote vinaisha Desemba. Kichapishe ukibebe, usitegemee simu iliyolowa maji ya chumvi.

Mtego kwa mtu wa Waltham ni mto Charles, unaopita katikati ya mji. Hayo ni maji baridi. Kibali cha baharini hakifanyi kazi pale, unahitaji leseni ya maji baridi inayotolewa na idara nyingine ya jimbo hilohilo, na hiyo inaanzia miaka 15. Mwambie ndugu yako mapema, watoto wake wasije wakakupeleka mtoni na kibali kisicho cha mto. Ni kama kuwa na leseni ya ziwani halafu ukaingia hifadhi ya Murchison bila kibali cha uvuvi cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda.

Ukivuka kwenda Rhode Island au New Hampshire, soma kanuni za huko kabla hujatia mshipi majini. Dirisha la straipa wa baharini limeoanishwa, lakini vipengele vidogo na samaki wengine hutofautiana jimbo kwa jimbo.

---

Mshipi_Kigungu

Asanteni sana wakuu, asante dada. Nimepima pakiti yangu juu ya kioo: kumi na mbili, tano tu zimelala bapa. Saba nazibakiza kwa mputa.

Maswali yaliyobaki. Akimeza ndoano ndani kabisa nifanyeje? Je, naweza kumning'iniza kwenye mzani wa mdomo nijue uzito kabla ya kumwachia? Na nikimpata wa inchi 28 asubuhi, naweza kumfunga kwa kamba majini nikaendelea, nikipata wa 30 nimwachie wa kwanza?

---

Rula_na_Chubwi

La mwisho kwanza: hapana. Ukimweka samaki kwa nia ya kumbadilisha na mkubwa zaidi unavunja kanuni, na huyo aliyekaa kwenye kamba kwa saa tatu hataishi. Ukiamua ni wako, muue papo hapo, mkate damu, mweke kwenye barafu, hesabu yako ya siku imeisha. Kuendelea kuvua kwa kuachia unaruhusiwa. Mbebe mzima mpaka nyumbani, kichwa na mkia vikiwepo, ili Polisi wa Mazingira wakimtaka wapime. Na usimuuze, hata kwa jirani. Kibali cha burudani hakiruhusu.

Akimeza ndani: usichimbe. Kata mshipi karibu na mdomo uwezavyo, mwachie. Kuchimba ndoano iliyo karibu na matamvua kunafungua mishipa ya damu, na samaki anayetoka damu kwenye matamvua ana nafasi ndogo sana. Hapa ndipo utaona thamani ya ndoano inayoshika kutu.

Mzani wa mdomo kwa samaki mkubwa ni hapana pia. Mwili wake umeumbwa kubebwa na maji. Ukimning'iniza wima, uzito wote unaning'inia kwenye taya na uti wa mgongo, viungo vya ndani vinashuka. Anaogelea vizuri mbele yako halafu anakufa baadaye usipomwona. Kama picha ni lazima, mkono mmoja kwenye taya ya chini, mwingine chini ya tumbo, mlalo, juu ya maji, kamera ikiwa tayari kabla hujamwinua.

---

NdoanoDuara

Niendeleze hapo, maana suala la kuachia halipewi uzito unaolistahili.

Wataalamu wanaohesabu straipa huchukulia kwamba asilimia 9 ya wanaoachiwa na wavuvi wa burudani hufa. Yaonekana ndogo. Lakini takribani tisa kati ya kila kumi wanaoshikwa huachiwa, kwa hiyo asilimia hiyo inakatwa kutoka kwenye mamilioni. Ndiyo maana kanuni ya ndoano ikaja, na ndiyo maana mvuvi mmoja anaweza kuua samaki watano kwa siku bila kubeba hata mmoja.

Kinachowaua ni joto, muda na mikono mikavu. Maji yakivuka nyuzi 21 za sentigredi hewa majini hupungua na samaki aliyechoka harudi vizuri. Wewe utakuwa huko Julai na Agosti, wakati mbaya kuliko wote. Vua alfajiri au usiku, na chagua pwani iliyo wazi yenye mkondo badala ya vihori vya maji yaliyotulia. Usitumie mshipi mwembamba ili "upate mchezo". Mvute haraka uwezavyo, samaki aliyepiganishwa dakika kumi na tano amejaa uchovu kwenye misuli.

Bonyeza kijino cha ndoano kwa koleo kabla ya kuvua, inatoka kwa msuko mmoja. Chambo bandia chenye ndoano za pembe tatu kinaruhusiwa, ila mimi ningezing'oa na kuweka moja moja. Pembe tatu mbili kwenye samaki mmoja ni jeraha la jicho, shavu na kidole chako.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa, utelezi wa ngozi ndio kinga yake. Usimburute juu ya mchanga. Usitie vidole kwenye matamvua. Kumrudishia nguvu: mshike kwa taya akiwa majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Usimsukume mbele na nyuma, kumrudisha nyuma kunasukuma maji kinyume. Subiri akuume kidole gumba na kupiga mkia. Akifanya hivyo, fungua mkono.

---

DadaWaGgaba

Kuhusu mahali. Kwa kuanzia, Castle Island, South Boston, kuna gati la kuvulia na unafika bila gari. Kila mtu atakutajia mfereji wa Cape Cod, na kweli samaki wakubwa hupita humo, barabara ya huduma inafuata kingo zote mbili. Lakini si mahali pa chubwi na kome. Mkondo unageuka takribani kila baada ya saa sita na ukiwa kwenye nguvu yake unafagia chambo mpaka kwenye mawe. Wenyeji hurusha chambo bandia vizito vya chuma na kuviacha visafirishwe na mkondo. Vua mkondo unapopungua au unapoanza kugeuka, siyo katikati. Kingo ni mawe makubwa yenye mwani, vaa viatu vyenye meno ya chuma, na usishuke peke yako usiku. Mtu aliyezoea miamba mikavu ya Kigungu asiupime mwani wa bahari kwa macho. Maji yanapanda na kushuka kwa futi kadhaa, jiwe ulilosimamia saa kumi na mbili linaweza kuwa chini ya maji saa tatu baadaye. Jedwali la maji kujaa na kupwa uwe nalo kama ulivyo na kibali.

Samaki wengine utakaokutana nao kwenye gati wana kanuni zao. Blufishi, mwenye meno makali, alishushwa hadi 3 kwa siku mwaka 2020, na hesabu yake hupitiwa upya mara kwa mara. Skapu (scup) ana kipimo cha ufukweni kilicho tofauti na cha boti, kwa hiyo usisome mstari wa boti kwenye jedwali ukadhani ni wako. Na papa: mwaka 2025 jimbo lilibana uvuvi wa papa kutoka nchi kavu, hasa upande wa Cape Cod, kwa sababu ya papa mweupe na waogeleaji. Usibebe ndoano kubwa na kipande kirefu cha waya wa chuma. Hata kama nia yako ni nyingine, vifaa hivyo ndivyo askari atakavyoviangalia.

Ndoano zote ziende kwenye sanduku la chini ya ndege, zimechomekwa kwenye kipande cha sponji. Koleo pia.

---

Mshipi_Kigungu

Nimeelewa. Pete za tepu nimezifunga tayari kwenye fimbo, 28 nyeupe na 31 nyekundu. Kulabu inabaki Entebbe. Nitakata kibali wiki ya kuondoka, na siku hiyohiyo nitasoma tena ukurasa wa jimbo kama kipimo bado ni hicho.

---

Rula_na_Chubwi

Sawa ssebo. Usome tena na katikati ya safari. Mwaka 2023 dari lilishuka tarehe 26 Mei, na aliyekuwa amesoma Aprili alikuwa na namba ya zamani mfukoni.